Mwanangu, Usikichimbe Kisima

Mwanangu mpenzi,

Assalaam alaykum warahmatullahi wabarakatuh. Barua yako imenifikia, na swali lako si la kujibiwa kwa haraka. Unasema maji ya kisima cha uani hapo Shela yameanza kuingia chumvi, chai imepoteza ladha, sabuni haitoi povu, na fundi amekwambia dawa ni kuteremka mita mbili zaidi na kufunga pampu yenye nguvu. Jibu langu ni kwamba usikichimbe, na pampu hiyo usiinunue. Fundi anasema alichozoea bara, ambako ukiteremka unakutana na maji mengine. Kisiwani kwetu ukiteremka unakutana na bahari.

Elewa kwanza maji yenyewe yamekaaje. Kisiwa cha Lamu hakina mto. Kila tone tamu unaloteka lilinyesha papo hapo kisiwani. Mvua ikipiga vilima vya mchanga vya nyuma ya Shela haitiririki kwenda pwani. Mchanga huimeza palepale, ikashuka taratibu mpaka ikutane na maji ya chumvi yaliyopenya chini kutoka baharini. Lita moja ya maji matamu ina uzito wa kilo moja. Lita ya maji ya bahari ina kilo moja na gramu 25 hivi. Tofauti hiyo ndogo ndiyo riziki yetu yote, kwa sababu inayafanya maji matamu yaelee juu ya ya chumvi, mfano wa mafuta ya nazi juu ya mchuzi. Ila haya, yakikorogwa, huchanganyika na hayatengani tena.

Hapo pana hesabu ambayo kila mwenye kisima karibu na bahari angepaswa kuijua kama anavyojua nyakati za sala. Wahandisi wawili wa Ulaya, Badon Ghyben na Herzberg, waliiandika kila mmoja kwa wakati wake, mwishoni mwa karne ya 19 na mwanzoni mwa ya 20: kwa kila sentimita 1 ambayo maji matamu yamesimama juu ya usawa wa bahari, kuna takribani sentimita 40 za maji matamu chini ya usawa huo. Maana yake, kisima ambacho maji yake yamepanda sentimita 20 tu juu ya bahari kinakalia utando wa maji matamu wa mita 8. Geuza hesabu sasa. Pampu ikiyashusha maji sentimita 10 na kuyaweka hapo siku baada ya siku, chumvi iliyo chini inaweza kupanda hadi mita 4. Inapanda palepale chini ya kisima, kama kilima, kwa sababu hapo ndipo uzito wa juu ulipopungua. Na kilima hicho hakishuki kwa kuzima pampu usiku mmoja. Kinasubiri misimu ya mvua.

Wala haihitajiki chumvi nyingi kuharibu. Lita ya maji ya bahari ina gramu 35 hivi za chumvi. Ukitia lita 1 ya bahari ndani ya lita 50 za maji matamu, umeshaongeza zaidi ya nusu gramu kwa kila lita, na ulimi unaitambua. Kwa hiyo ukiteremka mita mbili unakisogeza kisima karibu zaidi na kile unachokikimbia. Wiki ya kwanza maji yatakuwa mengi, fundi atashukuriwa na kulipwa, na kufikia mwisho wa kaskazi mtakuwa na kisima kirefu cha maji yasiyonyweka.

Katika Suratul Muuminun, aya ya 18, Mwenyezi Mungu anasema ameteremsha maji kutoka mbinguni kwa kiasi, akayatuliza ardhini, na kwamba Yeye ni muweza wa kuyaondoa. Kwa kiasi, mwanangu. Kisha fungua Suratul Waaqia, kuanzia aya ya 68 hadi ya 70: anatuuliza juu ya maji tunayoyanywa, ni sisi tuliyoyateremsha kutoka mawinguni au ni Yeye, na kwamba angetaka angeyafanya ya chumvi kali; basi mbona hatushukuru? Tunaokaa visiwani hatuna haja ya mfasiri wa aya hiyo. Chumvi iko mita chache chini ya ndoo yetu. Na shukrani inayotajwa hapo huanzia ulimini kwa Alhamdulillahi, lakini inakamilika mkononi, kwa namna unavyoteka. Mtu anayeshukuru kwa ulimi huku pampu yake inavuta mchana kutwa, shukrani yake ina kasoro, na nakwambia hivi kwa sababu nakupenda.

Tazama ng'ambo, Takwa. Mji ule wa kisiwa cha Manda ulistawi kati ya karne ya 15 na ya 17, una msikiti, una ukuta, una kaburi lake la mnara. Ukahamwa, na watu wake wakahamia Shela. Moja ya sababu zinazotajwa ni visima kuingia chumvi. Watu wa Shela wamekuwa wakivuka mkono wa bahari kwenda kuomba mvua kwenye kaburi lile la mnara. Sijui kama kuna mahali pengine pwani hii ambapo dua ya maji inaombwa mbele ya mji uliokosa maji.

Basi tuje kwenye kazi.

Kabla ya lolote, kipime kisima. Chukua kamba isiyovutika, uifunge jiwe safi mwishoni, uitie fundo kila baada ya sentimita 10. Chagua pahali pamoja kwenye ukingo, upapake rangi, upimie hapo kila mara. Pima alfajiri kabla hamjateka: kwanza umbali wa kutoka ukingoni hadi uso wa maji, kisha shusha mpaka jiwe ligote chini. Pima siku za bamvua, bahari inapojaa na kupwa sana, na siku za maji mafu, inaposogea kidogo tu, maji yakijaa na yakipwa, kwa sababu kisima cha karibu na pwani hupanda na kushuka pamoja na bahari, ingawa huchelewa kidogo na hakipandi kama pwani ipandavyo. Asiyelijua hili huona maji yamepungua akadhani kisima kinakauka, kumbe bahari imepwa. Wengi wamechimba kwa sababu hiyo tu.

Ladha usiitegemee, ulimi huzoea. Kuna kipima chumvi kidogo cha betri, cha kushika mkononi, wanachokitumia wenye mashine za kusafisha maji. Kinasoma miligramu kwa lita. Chini ya 600 maji ni mazuri. Yakifika 1,000 watu wengi huanza kulalamika. Teka sampuli mbili. Ya kwanza iwe ya juu. Ya pili iwe ya chini kabisa: funga jiwe kwenye chupa tupu, izibe kwa kizibo chenye kamba yake peke yake, ishushe mpaka igote, ndipo uvute kizibo. Ukisikia mapovu yamekoma, ipandishe. Kama ya chini inasoma mara mbili au tatu ya ile ya juu, kilima cha chumvi kimeshafika kwenye kitako cha kisima, na maji matamu yaliyobaki ni tabaka la juu tu. Hilo ndilo la kulinda.

Unalilinda kwa kuteka juu. Unasema mdomo wa mpira wa pampu mliyo nayo sasa umelazwa chini kabisa ili usivute hewa. Uondoe hapo leo. Chukua mtungi mtupu wa lita 5, uzibe vizuri, ufunge mdomo wa mpira chini yake kwa kamba ya sentimita 30, uache uelee. Maji yakishuka, mtungi unashuka nao, na mdomo unabaki daima kwenye maji ya juu. Kisha usivute mfululizo. Vuta dakika 10, pumzisha saa nzima, na utazame kamba yako: ikikuonyesha maji yameshuka zaidi ya sentimita 10, zima, hata kama tangi halijajaa. Kuvuta lita zile zile kwa vipande asubuhi, mchana na jioni hakuumizi kisima kama kuzivuta zote kwa mpigo mmoja. Ndoo na kamba za wazee wetu zilikuwa na faida hii pasi na mtu kuitaja: mkono huchoka, na kisima kikapumzika.

Kama mmeshaanza kuchimba kabla barua hii haijafika, msiendelee. Kile kina cha ziada kijazeni kokoto safi za matumbawe zilizooshwa, juu yake mchanga mzito wa kilimani. Mchanga wa ufuoni msiutie, una chumvi yake.

La pili ni kuyagawa maji, kwa maana si kila kazi inataka maji matamu. Mtume (s.a.w.) alipoulizwa kuhusu bahari alijibu kwamba maji yake yanatoharisha na mfu wake ni halali. Basi maji ya kisima yaliyoingia chumvi yanafaa kwa udhu, kwa janaba, kwa choo na kwa kufua kwa mara ya kwanza, na sala yako ni sahihi bila wasiwasi wowote. Usiyatumie tu kuosha kuta na sakafu za chokaa. Chumvi huingia ndani ya plasta pamoja na maji, maji yakakauka, chumvi ikabaki na kuvimba, na baada ya msimu mmoja ukuta unaanza kumenyuka na kuacha unga mweupe. Nyumba nyingi za mji wa kale zinaugua ugonjwa huu, na watu wanapaka saruji juu, jambo linaloufungia unyevu ndani na kuzidisha ubaya.

Ya kunywa na kupikia yatoke juu, kwenye mvua. Masika yako karibu, kwa hiyo sasa ndio wakati wa kutengeneza jabia, yaani tangi la kujengwa la maji ya mvua. Nyumbani kwenu mko sita. Kila mtu ahesabiwe lita 5 kwa siku za kunywa na kupika, hiyo ni lita 30. Kiangazi cha kaskazi, kuanzia Januari hadi mvua za Aprili, kina siku 100 hivi, lita 3,000. Jabia la urefu wa mita 2, upana mita 1 na nusu na kina cha mita 1 linazibeba zote. Na paa lenu la mabati, la mita za mraba 50, likipata mvua ya milimita 75 na ukaondoa sehemu moja katika tano inayopotea kwa kuruka na kuvuja, linatoa lita 3,000 kamili. Mei huleta zaidi ya hapo. Paa la makuti usilitumie kwa maji ya kunywa, maji yake hutoka ya njano na kunuka.

Pahali ambapo watu hukosea ni mwanzo wa mvua. Maji ya kwanza yamebeba vumbi la miezi mitatu, mavi ya kunguru na majani. Yatupwe yale ya mwanzo, nusu lita hadi lita moja kwa kila mita ya mraba ya paa. Huna haja ya kusimama mvuani na ndoo: bomba la inchi 4 hubeba karibu lita 8 kwa kila mita ya urefu. Lisimamishe bomba la mita 3 kabla ya maji kuingia jabiani, lizibe chini kwa kizibo cha kufungua, ukitoboe kitundu chembamba kama msumari. Maji machafu yanajaa humo kwanza, lita 24, ndipo masafi yanapita juu kuingia jabiani; mvua ikikata, bomba linajimwaga polepole kwa kitundu. Kizibo kifunguliwe na kusafishwa baada ya kila mvua kubwa, la sivyo tope litaziba kitundu na mvua inayofuata uchafu wote utaingia. Juu ya jabia wekeni mfuniko usiopitisha mwanga, na kila tundu liwe na wavu wa mbu. Bomba la kufurikia lielekezwe kwenye shimo la mchanga uani, maji yakarudi ardhini. Yasiingizwe moja kwa moja kisimani.

Birika la chooni, yaani hodhi la maji ya kuogea na kunawia, ni jambo jingine, lenyewe huwa wazi, ndiyo maana wazee walitia samaki wadogo wale viluwiluwi vya mbu. Ukiona bakuli la kauri limejengewa chini ya birika la zamani, usilifukue kama pambo: ni hapo samaki hukimbilia maji yakipungua. Na dawa ya klorini isitiwe humo, inawaua. Klorini itiwe kwenye mtungi wa kunywa peke yake, kwa kipimo kilichoandikwa kwenye chupa, na yasinywewe kabla ya nusu saa.

Sasa choo. Hapa nataka unisikilize sana. Kisima na shimo la choo vitengane kwa mita 30, na kitako cha shimo kiwe juu ya maji ya ardhini kwa mita 2 au karibu na hapo. Mchanga safi huchuja, lakini mwamba wa matumbawe una nyufa, na uchafu hupita ndani yake kama unavyopita mferejini. Ndiyo sababu visima vya Mkomani na Langoni, kule mjini ambako nyumba zimegusana, ni vya kuoshea na si vya kunywa, hata maji yake yakionekana maangavu. Karo lenu, yaani shimo la maji machafu ya choo, kama ulivyoniandikia, liko hatua kumi na tano kutoka kisimani. Huwezi kulihamisha mwaka huu, basi lijengewe sakafu na kuta zisizovuja, linyonywe likijaa, na maji ya kisima yasinywewe bila kuchemshwa.

Utanijibu kwamba ustadh amesema maji yale ni tohara. Amesema kweli. Kwa madhehebu yetu ya Shafi, maji yakifika qullatayn, yaani dhiraa moja na robo kwa urefu, upana na kina, lita 200 na kitu, hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu. Kisima chenu kina zaidi ya hapo mara nyingi. Lakini tohara ya sala haikuwekwa iwe kipimo cha tumbo la mtoto. Viini vya kuharisha havibadilishi rangi wala harufu. Mambo haya mawili yakichanganywa, watoto huugua huku wazazi wao wana hoja ya fiqhi. Na Mtume (s.a.w.) amekataza mtu kukojoa katika maji yaliyotuama. Karo linalovuja kando ya kisima ni jambo lile lile, ila limepita chini ya ardhi ambako halionekani.

Ikitokea mafuriko ya masika yameingia kisimani, au mnyama ameanguka, kisafishe hivi. Toa kilichoingia, teka maji mpaka yatulie rangi, kisha pima ujazo. Kisima cha kipenyo cha mita 1 chenye maji ya kina cha mita 2 kina lita 1,570 hivi. Kwa kila lita 1,000 tumia gramu 75 za unga wa klorini wa asilimia 65. Kwa kisima hicho ni gramu 120. Uyeyushe kwenye ndoo ya plastiki, si ya bati, nje penye upepo, mkono umevaa glavu, na unga ndio utiwe ndani ya maji. Acha utue, mimina maji ya juu kisimani, machicha yabaki. Koroga kwa kushusha na kupandisha ndoo, osha kuta za ndani kwa maji hayo hayo, funika, lala nayo. Kesho yake teka na kumwaga mchangani, mbali na mimea na mbali na birika la samaki, mpaka harufu iishe. Usivute kwa pampu kubwa kuharakisha, utaipandisha chumvi. Na jua kwamba dawa hii inaua kilichomo siku hiyo tu. Karo likiendelea kuvuja, mambo yatarudi yalivyokuwa.

Nimeandika mengi juu ya kamba na mabomba, lakini sehemu kubwa ya maji ya nyumbani kwetu inaondoka kwa ibada, na hapo ndipo panapouma. Imepokewa kwamba Mtume (s.a.w.) alikuwa akitawadha kwa mudi moja na kuoga kwa pishi moja ya Madina, saa'i, hadi mudi tano. Mudi haifiki lita moja. Ni kama robo tatu yake, au pungufu. Mfereji wa bomba uliofunguliwa wazi hutoa lita 6 hadi 10 kwa dakika. Watu sita, sala tano, ni udhu 30 kwa siku. Kila mmoja akimwaga lita 15, umepoteza lita 450, na hizo ndizo zinazokufanya utake pampu kubwa. Kwa kata au kopo la lita 2, ambayo ni karibu mara tatu ya mudi, zinakuwa lita 60.

Wafundishe watoto kutawadha kwa kata kabla ya kuwafundisha mfereji. Wajue pia sababu ya kuchota badala ya kutumbukiza mikono: maji yaliyo chini ya qullatayn, mtu akishaosha uso kisha akaingiza mkono bila nia ya kuchota, yanakuwa yametumika na hayatoharishi tena, ndoo nzima ikapotea. Adabu ya kata inailinda ibada na inayalinda maji kwa wakati mmoja. Ile hadithi ya sahaba Saad bin Abi Waqqas kukatazwa israfu ya udhu hata akiwa kwenye mto unaopita, wanazuoni wameitia udhaifu katika sanadi, yaani mlolongo wa wapokezi wake. Lakini Imamu Nawawi wa madhehebu yetu amenukuu makubaliano ya wanazuoni kwamba israfu ya maji imekatazwa hata ukiwa ukingoni mwa bahari. Sisi tuko ukingoni mwa bahari.

Kuhusu jirani anayetaka kununua mchanga wa kilima mnachopakana nacho, kataa, hata kama bei ni nzuri. Mita moja ya ujazo ya mchanga uliojaa maji hubeba lita 300 hivi. Mchanga wa juu, mkavu, ndio unaoyakinga yale ya chini na jua na uchafu. Ukiondolewa, maji yanakuwa karibu na uso, yanakauka, na kila kinachomwagwa kinayafikia upesi. Mlakasa unaotambaa pale na maua yake ya zambarau using'olewe, ndio unaoshika kilima kisitembee na upepo. Na moyo unaniuma nikifikiria mabwawa ya kuogelea yanayojengwa juu ya mchanga ule. Bwawa la mita 8 kwa 4, kina mita moja na nusu, ni lita 48,000. Kwa hesabu yenu ya lita 30 kwa siku, ni maji ya kunywa na kupikia ya zaidi ya miaka minne ya nyumba moja. Wananchi wakialikwa kutoa maoni juu ya ujenzi mpya wa kilimani, nenda ukaseme, na uende na vipimo vyako vya kisima vimeandikwa kwa tarehe.

Lakini ukinyima mchanga usinyime maji. Mtume (s.a.w.) amekataza kuzuia maji yaliyozidi haja. Fiqhi yetu inamwajibisha mwenye kisima kuwanywesha wanyama wa watu kwa ile ziada yake. Punda wanaopanda na mizigo mlangoni kwenu wanataka lita 15 hadi 25 kila mmoja kwa siku. Weka karai kivulini, lijazwe asubuhi na alasiri, lisuguliwe kila jioni. Punda huyavumilia maji yenye chumvi kidogo, basi ya kisima yanamtosha. Na ukitaka kumfanyia marehemu bibi yako sadaka, Saad bin Ubada alipouliza sadaka gani ni bora kwa mamake aliyefariki, aliambiwa maji. Weka mtungi wa sabili, wa kila mpita njia bila malipo, nje ya baraza, wa maji ya jabia, na uandike kwamba ni ya kunywa. Maji yaliyotolewa sabili kwa kunywa haifai mtu kuyatawadhia, hata kama adhana imeadhiniwa na mfereji umekatika.

Mvua ikichelewa mwaka huu, mtasikia habari za sala ya istisqaa, ya kuomba mvua. Uende, na watoto. Lakini soma vitabu vyetu vinasema nini kabla ya sala yenyewe: imamu huwaamuru watu watubie, watoe sadaka, wafunge siku tatu, na watoke katika dhulma, yaani kila mwenye haki ya mwenzake airudishe. Kisima kilichovutwa mpaka cha jirani kikaingia chumvi ni haki ya jirani. Karo linalovujia kwake ni haki yake. Haya yatengenezwe ndani ya siku zile tatu, kabla ya kwenda uwanjani kuomba.

Bamvua ijayo ni mwezi ukiandama. Nunua kamba na uanze kupima siku hiyo, maji yakijaa na yakipwa, halafu urudie maji mafu. Niletee namba zote nne pamoja na kipimo cha chumvi cha juu na cha chini, nami nitakwambia kama kisima kinataka kupumzishwa mwezi au msimu mzima. Mwambie mumeo fundi alipwe kwa siku aliyokuja, asipewe kazi ya kuchimba. Akiwa anajua kujenga, mpeni jabia.

Nisalimie wajukuu na mkweo.

Wasalaam,
Mamako